Vifaa nilivyochagua kwa kubadilisha pedi za breki: uzoefu wangu Mbeya

Anayeendesha gari kati ya Uyole na Tukuyu, au anayeshuka Mlima Kitonga upande wa Iringa, hahitaji kuelezwa kwa nini pedi za breki huisha mapema huku kwetu. Kwa sababu hiyo nilinunua vifaa vyangu vya kubadilishia pedi za mbele za Toyota yangu.

Madukani Mwanjelwa utaonyeshwa kwanza sanduku kubwa la spana lenye soketi za kila saizi. Sikulichukua. Boliti za kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski ya breki) za gari langu hufunguliwa kwa namba 14 na nati za tairi kwa namba 21, hivyo nilinunua soketi hizo mbili na mpini wake, nikahakikisha kuwa zina pembe sita ndani. Soketi ya pembe 12 hushika ncha tu za boliti, na boliti iliyoganda kwa kutu na tope la masika huweza kuliwa kichwa kabla haijalegea.

Kilichonifurahisha zaidi ni kibanio cha kurudishia ndani pistoni, yaani kipande cha kalipa kinachosukuma pedi. Unaegemeza pedi ya zamani kwenye pistoni, unazungusha skrubu polepole huku ukitazama mafuta ya breki yanavyopanda kwenye chupa yake, kwa kuwa yakifurika huharibu rangi ya gari, na pistoni inarudi ikiwa imenyooka. Wanaoisukuma kwa bisibisi huhatarisha mpira wake wa kuzuia vumbi. Mwenye klampu ya seremala yenye umbo la C hana haja ya kununua kibanio, maana kazi ni ile ile. Lakini kwa baadhi ya breki za nyuma, ambazo pistoni hurudi kwa kuzungushwa, vyote viwili havifai. Hapo kinatakiwa kifaa maalumu cha kuizungusha.

Stendi mbili imara ni za lazima, kwa sababu jeki huinua gari tu, haipaswi kuaminiwa kulishikilia mtu akiwa kazini. Kipande cha waya kinatosha kuning'iniza kalipa ili uzito wake usiuvute mpira unaopitisha mafuta ya breki.

Spana ya kupimia ukazaji ndiyo iliyokuwa ghali kuliko vyote, nami ningeinunua tena. Nati za tairi za gari langu hukazwa kwa niutoni mita 103, kipimo ambacho mkono hauwezi kukikisia. Asiyeimudu kwa sasa aazime kwa fundi anayemwamini, ila fedha ya stendi asiipunguze.