Kasha la diski nne kwa bakapu za nyumbani: lisilo na RAID ndilo la kununua

Makasha ya nje ya diski nyingi, yaani visanduku vinavyoshika diski kadhaa na kuunganishwa na kompyuta kwa waya, yako ya aina mbili, na matangazo mengi hayaiweki wazi tofauti yake. Aina ya kwanza ina RAID ndani: chipu ya kasha huziunganisha diski zote, kompyuta ikaona diski moja kubwa. Aina ya pili huziacha diski kama zilivyo. Ukitia nne, zinaonekana nne. Kwa bakapu za nyumbani chukua hii ya pili, na usome jina la modeli herufi kwa herufi kabla ya kulipa. Mediasonic, kwa mfano, ina HF2-SU3S2 isiyo na RAID na HFR2-SU3S2 yenye RAID. Herufi R moja tu.

Kasha lenye RAID huandika data kwa mpangilio wake lenyewe. Chipu ikiungua, diski zinabaki nzima ila mara nyingi hazisomeki mpaka upate kasha jingine la chipu ileile, na modeli hizi hazidumu sana sokoni. RAID 5, mpangilio unaovumilia kufa kwa diski moja, inataka diski tatu au zaidi. Moja ikifa, kujenga upya diski ya TB 12 kwa mwendo wa megabaiti 150 kwa sekunde ni saa 22 na ushei, tena kasha likiwa halina kazi nyingine. Muda wote huo diski zilizobaki zinasomwa mwanzo hadi mwisho, na kwa kawaida ni za umri mmoja na ile iliyokufa. Zaidi ya hapo, RAID hukinga kufa kwa diski tu. Faili ulilofuta kwa bahati mbaya linatoweka kwenye diski zote papo hapo, na virusi vinavyofunga mafaili ili udaiwe pesa vinafanya vivyo hivyo.

Ukishaamua aina, kitu cha kukagua kwanza ni umeme, maana hapo ndipo makasha mengi ya bei nafuu huanguka. Diski ya inchi 3.5 inapoanza kuzunguka inaweza kuvuta hadi ampea 2 kwenye volti 12. Diski nne zikiamka kwa pamoja ni ampea 8, yaani wati 96 hivi. Tazama adapta: ikiwa imeandikwa 12V 6.5A, ni wati 78, na hiyo inatosha endapo tu kasha linaamsha diski moja baada ya nyingine. Umeme ukipungua, diski ya tatu au ya nne inapotea ghafla katikati ya kunakili, unasikia "tik", kisha inarudi. Wengi hulaumu diski na kununua nyingine, na tatizo linabaki palepale. Jaribu kwa kunakili kwenye diski zote kwa wakati mmoja kwa saa kadhaa, ungali ndani ya muda wa kurudisha bidhaa.

Jambo la pili ni namna diski zinavyounganishwa ndani. Katika makasha mengi, nafasi zote zinapita kwenye chipu moja inayogawa SATA, yaani njia ya kawaida ya kuunganisha diski na kompyuta. Ukichomoa diski moja, nyingine zote zinakatika kwa sekunde chache, na iliyokuwa inaandikwa inaweza kuharibika mafaili. Kasha la namna hii halina ubaya, ila ondoa diski zote kwa usalama kwenye kompyuta kabla ya kugusa hata moja. Makasha yenye chipu ya USB kwa kila diski hayana usumbufu huo. Kwenye Linux, amri ya lsusb -t inakuonyesha ni ipi uliyonayo: chipu nne zilizo chini ya habu moja, au moja tu. Hapohapo utaona kama dereva ni uas au usb-storage. Ya kwanza ndiyo unayoitaka, kwa kuwa hutuma maagizo mengi kwa mpigo.

Kasi isikusumbue kichwa. Diski ya kuzunguka hutoa megabaiti 150 hadi 250 kwa sekunde, na USB ya gigabiti 5 inapitisha kama 400 kwa matumizi halisi. Gigabiti 10, kama ilivyo kwenye Mercury Elite Pro Quad ya OWC, ina faida ukitumia SSD au diski zote kwa pamoja. Tundu la USB-C ni umbo tu; halikuambii lolote kuhusu kasi.

Kabla ya kulijaza, fanya jaribio hili. Fomati diski moja ndani ya kasha, weka mafaili machache, itoe, iunganishe moja kwa moja kwenye SATA ya kompyuta au kwa adapta nyingine. Ikisomeka, vizuri. Ikionekana kama haijafomatiwa, mara nyingi ni kwa kuwa kasha linabadilisha ukubwa wa sekta (kipande kidogo kabisa cha data kwenye diski) kutoka baiti 512 kwenda 4096, na likifa litakuacha na diski zisizofunguka kirahisi. Lirudishe.

Angalia pia kama kasha linapitisha taarifa za SMART, yaani ripoti ya afya ambayo diski hujiandikia. Amri ni smartctl -a -d sat, ikifuatiwa na jina la diski. Namba 5, 197 na 198 za ripoti hiyo, zinazohesabu sekta mbovu, zikipanda, diski inaharibika. Inayopanda ikiwa 199, inayohesabu makosa ya mawasiliano, usitupe diski. Mara nyingi ni kiunganishi chake kimelegea, kwa hiyo itoe uirudishe vizuri. Joto likipita nyuzi 45 wakati wa kunakili, feni ni dhaifu au imeziba vumbi.

Si lazima ujaze nafasi zote nne. Mbili ziwe za bakapu za kila siku, kila moja ikipokea kwa programu yake au kwa ratiba yake. Ya tatu iingie mara moja kwa mwezi, kisha ikakae nyumba nyingine, ikiwa data yake imefungwa kwa nenosiri kupitia BitLocker (Windows), LUKS (Linux) au APFS ya kufungwa kwa nenosiri (Mac). Ufungaji wa chipu ya kasha uuache, kwa sababu ufunguo unakufa na kasha. Kwa Time Machine, programu ya bakapu ya Mac, diski iwe angalau mara mbili ya ujazo wa Mac. Diski za SMR, ambazo mistari yake ya data hupandana, zinafaa hapa, ingawa hupunguza mwendo zikiandikwa kwa muda mrefu. Ni kwenye RAID ndipo zinapotesa.

Na ukitaka bakapu ijiendeshe usiku, chagua swichi inayobaki chini ukiibonyeza. Kitufe kinachorudi juu baada ya kubonyezwa huliacha kasha limezimika umeme ukikatika na kurudi, na programu haitapata pa kuandika mpaka mtu aje akibonyeze.