Kufundishwa na wakongwe wa simuleta za mbio: uzoefu wangu na huduma ya ukufunzi wa mtandaoni

Huduma ninayoitathmini hapa ni ya ukufunzi wa mmoja kwa mmoja: mchezaji mzoefu wa simuleta za mbio za magari (michezo ya kompyuta inayoiga uendeshaji halisi) huingia na mgeni kwenye seva ya faragha kwa muda wa saa moja hivi, wakazungumza kwa vipaza sauti, na mgeni akaelekezwa namna ya kuendesha. Nimeitumia kwa zaidi ya msimu mmoja, nikipitia mikononi mwa wakufunzi watatu, kwanza kwenye simuleta ya iRacing nikiwa na gari la Mazda MX-5, kisha kwenye nyingine iitwayo Assetto Corsa Competizione. Maoni yangu nayatoa mapema ili msomaji mwenye haraka asisumbuke: huduma inafaa, ila thamani yake yote inategemea kama mkufunzi uliyepewa anajua kuchagua jambo moja la kukufundisha na kuyanyamazia mengine.

Mkufunzi wa kwanza alinishangaza kwa kutotaka kuniona nikiendesha mara moja. Sehemu kubwa ya mwanzo wa kipindi ilikwenda kwenye kiti, skrini na pedali. Aliuliza skrini yangu ina ukubwa gani na iko umbali gani kutoka machoni, akaingiza vipimo hivyo kwenye kikokotoo cha ndani ya mchezo, na upana wa taswira niliokuwa nikiutumia ukapunguzwa karibu nusu. Wageni wengi huupanua upana huo ili waone magari ya pembeni, na matokeo yake ni kwamba kona huonekana iko mbali kuliko ilivyo na kasi huonekana kubwa kuliko ilivyo, hivyo mtu hukisia sehemu ya kufungia breki badala ya kuiona. Dakika za kwanza baada ya mabadiliko hayo nilihisi kama ninachungulia barabara kupitia tundu la ufunguo. Baada ya mizunguko michache, hata hivyo, alama za umbali zilizo kando ya barabara zilianza kuwa na maana.

Kuhusu pedali, nilitarajia aniambie ninunue vifaa vipya, kwa kuwa ndiyo nasaha inayotolewa kila mahali. Hakufanya hivyo. Alieleza tofauti iliyopo kati ya pedali inayopima umbali ambao imesukumwa na ile inayopima nguvu ya mguu, akakiri kwamba ya pili ni bora kwa sababu mguu hukumbuka nguvu vizuri kuliko unavyokumbuka umbali, kisha akanisaidia kurekebisha ile niliyonayo ili breki ifike mwisho mahali ambapo mguu wangu unaweza kupafikia kila mara bila kukaza mwili. Usukani nao aliupunguza nguvu. Nguvu ya mrejesho, yaani msukumo ambao mota ya usukani huupeleka mikononi, ikiwekwa juu kupita kiasi, mota hufika ukomo wake na ishara ndogo ndogo zote hupotea ndani ya mtikisiko mmoja mzito. Ishara hizo ndizo zinazomwambia dereva kwamba tairi za mbele zimeanza kuteleza.

Somo lenyewe lilifanyika Laguna Seca, uwanja wa California wenye kona 11 na urefu wa kilomita 3.6, ambao huja pamoja na usajili wa iRacing. Kila mgeni anayefika pale hutaka kufundishwa kona ya nane, Corkscrew, na mimi nilitaka vivyo hivyo, maana ni kona ya ajabu: barabara huzama kiasi cha mita 18 ndani ya umbali wa mita 140 hivi, na dereva huikata akiwa haoni inakoelekea. Mkufunzi alikataa. Alisema kona ile inatisha lakini muda unaopotea pale ni mdogo, kwa kuwa kila mtu huipita polepole, na baada yake hakuna barabara ndefu iliyonyooka. Akachagua kona ya 11, kona ya mwisho, ya kushoto, ya polepole na isiyo na mvuto wowote, kwa sababu inafungua barabara kuu iliyonyooka ya mbele ya jukwaa. Gari linalotoka pale na kasi ndogo hubeba upungufu huo hadi mwisho wa barabara nzima.

Hapa ndipo nilipoiona kazi ya mtu anayejua. Aliweka grafu mbili kwenye skrini moja, yangu na yake, zote za gari lile lile kwenye kona ile ile. Mstari wangu wa breki ulipanda kwa woga, ukalala bapa, kisha ukaanguka ghafla hadi sifuri kabla sijageuza usukani. Wa kwake ulipanda kwa mkupuo hadi kileleni, na kutoka hapo ukashuka taratibu kwa mteremko mrefu, huku mstari wa usukani ukipanda kwa kiasi kile kile ambacho ule wa breki ulikuwa ukishuka. Maelezo yake yalikuwa mafupi: tairi ina akiba moja ya mshiko, na akiba hiyo hugawanywa kati ya kusimamisha gari na kuligeuza, kwa hiyo unapohitaji zaidi upande mmoja lazima uupunguze upande mwingine. Ukiiachia breki yote kwa pamoja, uzito wa gari hurudi nyuma, tairi za mbele hupoteza mgandamizo wakati ule ule unapozitaka zigeuze, na gari hukataa kukata kona. Dereva hudhani aliingia kwa kasi mno. Mara inayofuata anafunga breki mapema zaidi, na tatizo linabaki pale pale.

Zoezi alilonipa halikuhusu muda hata kidogo; alizima kabisa kipima muda kwenye skrini yangu. Nilitakiwa kufunga breki mapema kuliko kawaida, kwa nguvu, kisha kubakiza mgandamizo mdogo wa mguu mpaka pua ya gari ifike sehemu ya ndani kabisa ya kona. Yeye alinifuata kwa nyuma akiwa kimya, na neno pekee alilolisema kila mzunguko lilikuwa «achia». Sauti husafiri kwa kuchelewa kidogo mtandaoni, na picha ya gari langu nayo ilimfikia ikiwa imechelewa, kwa hiyo ilimbidi alitamke kabla ya wakati wake ili linifikie kwa wakati wake. Alikuwa amelizoea hilo kiasi kwamba sikuligundua mpaka aliponieleza mwenyewe baadaye. Kufikia mwisho wa kipindi aliacha kulisema, mguu ukawa unajua, na usukani ukaanza kuwa mwepesi kwa namna niliyoweza kuihisi mikononi: gari lilikuwa likijigeuza lenyewe, nami nikilisindikiza tu.

MX-5 ni gari zuri kwa mafunzo ya aina hii kwa sababu injini yake haina nguvu ya kuficha uzembe. Linasukumwa na magurudumu ya nyuma, ni jepesi, na kila kasi inayopotezwa ndani ya kona hurudi kwa shida. Wageni wanaokimbilia magari makubwa ya GT3, daraja la magari ya mbio yenye nguvu nyingi, wangefanya vyema kukaa nalo muda mrefu zaidi, ingawa najua wengi hawatafanya hivyo.

Kipindi cha pili na mkufunzi huyo kilihusu kuendesha katikati ya watu, jambo ambalo video za mafunzo hulipita juu juu. Katika iRacing kila dereva ana alama ya usalama, inayokokotolewa kwa kulinganisha idadi ya kona alizopita na pointi za matukio alizopata: kutoka nje ya barabara ni pointi moja, kupoteza udhibiti wa gari ni mbili, na kugongana kwa nguvu na gari jingine ni nne. Mfumo hautafuti mkosaji. Aliyegonga na aliyegongwa huandikiwa sawasawa, na wageni hulalamika sana kuhusu jambo hilo, mara nyingi wakitumia mzunguko mzima unaofuata kulalamika wakati gari lao bado linaendelea na mbio. Mkufunzi aliichukulia kanuni hiyo kama hali ya hewa: haibishaniki, inapangiwa. Tulitazama marudio ya mbio zangu, na badala ya kuuliza nani alikuwa na haki, alisimamisha picha sekunde kadhaa kabla ya kila ajali na kuuliza nilikuwa nimeona nini hadi wakati huo. Karibu kila mara dalili zilikuwepo: gari la mbele lililokwisha kuyumba kwenye kona mbili zilizopita, au mtu wa nyuma aliyechelewa kufunga breki kwa kiasi kinachoonyesha kwamba safari ijayo hatasimama. Alinifundisha pia kutopigania nafasi kwenye kona ya kwanza ya mzunguko wa kwanza, tairi zikiwa bado baridi na magari yakiwa yamebanana. Mbio za madaraja ya chini humpandisha nafasi mtu anayebaki barabarani tu, na alama yangu ya usalama ilipanda kwa njia hiyo kabla hata kasi yangu haijabadilika.

Mkufunzi wa pili alikuwa na kasi kumzidi wa kwanza, kwa mbali, na alifundisha vibaya. Alizungumza bila kukoma: geuza, kanyaga mafuta, badili gia, angalia kulia, umechelewa, tena. Maelekezo ya kona moja yalikuwa hayajaisha nami nimeshafika kona inayofuata. Kisha alinitumia faili la marekebisho ya gari, akisema litanisaidia kwenye kona za kasi, ilhali mbio za daraja la wageni nilizokuwa nikishiriki huendeshwa kwa marekebisho yaliyofungwa, ya aina moja kwa kila mtu. Nilipomwuliza kwa nini mwendo wake kwenye kona fulani ulikuwa tofauti na wangu, alijibu kwamba mtu huhisi tu. Sina shaka anahisi. Lakini anayelipia ukufunzi analipia hisia hizo zitafsiriwe kuwa kitu kinachoweza kujaribiwa, na huduma ingepaswa kumpima mtu kwa uwezo huo kabla ya kumpa wanafunzi, badala ya kutazama orodha ya ushindi wake.

Kwa mkufunzi wa tatu nilihamia Assetto Corsa Competizione na magari ya GT3, na hapo niligongana na kasoro ambayo naiona kubwa kuliko ile ya mkufunzi mbaya. Alinitaka nikanyage breki mpaka mwisho na kuushikilia mguu pale kwa muda mrefu kuliko nilivyozoea. Kwa gari lile alikuwa sahihi, kwa sababu GT3 ina mfumo wa kuzuia magurudumu yasifunge na ina mabawa yanayoligandamiza barabarani linapokuwa na kasi kubwa. Mshiko ni mwingi zaidi mwanzoni mwa kufunga breki na hupungua kadiri kasi inavyoshuka. Lakini hakuna aliyenieleza kwamba mafunzo ya mkufunzi wa kwanza na haya ya wa tatu yanatoka kwenye kanuni moja inayotumika kwa magari mawili tofauti. Kwa wiki kadhaa nilidhani mmoja wao amenipotosha. Wakufunzi wa huduma hii hawasomi maandishi ya wenzao kuhusu mwanafunzi, na kila mmoja huanza upya. Ilinibidi nifungue faili zangu mwenyewe kwenye MoTeC, programu ya kuchora grafu za takwimu za gari, ambayo mchezo huo unaweza kuitolea takwimu zake, na kuziweka grafu za magari yote mawili kando kwa kando ndipo nione kwamba mteremko mrefu wa kuachia breki umo kote. Kilichotofautiana ni urefu wa kilele chake.

Upande wa uendeshaji wa huduma sina malalamiko mengi. Kupanga muda ni rahisi, seva za faragha zilifunguka kwa wakati, na mara moja ambapo mtandao wa mkufunzi ulikatika kipindi kilirudiwa bila mabishano. Maandishi yanayotumwa baada ya kipindi ni ya viwango tofauti: ya mkufunzi wa kwanza yalikuwa na mistari michache yenye kona iliyotajwa, zoezi na kipimo cha kujua kama limeiva, ya wa pili yalikuwa pongezi.

Kwa mtu ambaye ndiyo kwanza amefunga usukani mezani, nisingeshauri ajiunge mara moja. Aendeshe peke yake hadi aweze kumaliza mizunguko kadhaa mfululizo bila kutoka barabarani, na nyakati zake zisipishane sana, kwa sababu grafu ya mtu ambaye kila mzunguko wake ni tofauti haimwonyeshi mkufunzi chochote cha kushika. Kwa aliyekwisha kufika hapo na akakwama, kipindi kimoja na mkufunzi mzuri kitamwokolea jioni nyingi za kurudia kosa lile lile kwa bidii. Aombe kuona mfano wa maandishi ya mkufunzi kabla ya kulipa, akatae vipindi vingi vya mkupuo mpaka amejaribu kimoja, na achague mtu anayeendesha gari la aina ile ile anayoitumia yeye. Mimi nimebaki na yule wa kwanza, kwa vipindi vya kutazama marudio ya mbio pekee, kwa kuwa mazoezi ya breki sasa naweza kujisimamia mwenyewe kwa kutumia grafu. Corkscrew bado hajanifundisha.