Mbegu za kununua kabla ya masika, kuanzia mnafu hadi maua ya vitunguu

Huku Arumeru masika hushika Machi, na miche ya nyanya hukaa kitaluni wiki nne hivi. Ndiyo maana Februari maduka ya pembejeo hujaa watu, na kila muuzaji ana mbegu "mpya" ya kukuonyesha. Nimezipanga hapa kwa jinsi ambavyo mimi ningezitolea hela, ya kwanza hadi ya mwisho. Hesabu yangu ni ya bustani ya nyumbani: vitanda vitatu vinne nyuma ya nyumba, na mboga ya jioni. Mwenye ekari mbili na soko la kulisha ana hesabu yake.

1. Mnafu: Nduruma au Olevolosi

Ukiwa na hela ya pakiti moja tu, nunua hii. Aina zote mbili zimetokana na kazi ya Kituo cha Mboga cha Dunia, chenye shamba lake hapa Arusha, pamoja na watafiti wa kituo cha kilimo cha bustani cha Tengeru, na majina yake ni ya huku huku kwetu. Jani lake ni pana kuliko la mnafu unaojiotea kwenye kahawa, kwa hiyo kuchambua hakukuchoshi. Mche ukifika magotini, kata ncha kwa kisu kikali. Baada ya siku chache utaona vichipukizi vikitokeza pale vikonyo vya majani vinapoungana na shina, chini ya mkato, na hivyo ndivyo utakavyochuma wiki ijayo, na ile inayofuata. Maua yakitokea yatoe, majani yaendelee. Mwaka jana mashina 30 yalitulisha hadi Juni. Mawili tuliyaacha yakaivisha matunda, tukayakamua, tukaosha mbegu na kuianika kivulini. Mwaka huu mnafu hatununui.

2. Mchicha Madiira

Umetoka kwenye kazi ile ile. Majani ni makubwa, na wiki tatu hadi nne baada ya kusia unakula. Chukua pakiti ndogo kabisa dukani, kwa sababu gramu moja ya mchicha ina mbegu zaidi ya 1,000. Changanya na mchanga mkavu kabla ya kusia, la sivyo utaota kama zulia.

3. Nyanya Tengeru 97

Kwenye nyanya ndipo watu wengi wanapopoteza hela, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Tengeru 97 ilitolewa mwaka 1997, pamoja na ndugu yake Tanya. Tengeru 97 inarefuka, kwa hiyo inataka miti ya kuegemea na kupunguziwa machipukizi, lakini inavumilia minyoo fundo, wale wanaoacha mizizi na vinundu kama shanga. Kama umelima nyanya, bilinganya au bamia kwenye kitanda kimoja miaka yote, kuna uwezekano mkubwa unao. Ng'oa shina moja kuukuu uangalie mizizi kabla ya kwenda dukani. Tanya ni fupi, ganda lake gumu, inasafiri vizuri, na asiye na muda wa kufunga kamba aichukue hiyo.

Zote mbili si chotara (mbegu ya kuchanganya wazazi wa aina mbili), kwa hiyo mbegu ya tunda lako bora unaweza kuitunza na kuipanda tena.

4. Nyanya chotara (zenye alama ya F1)

Sizikatai. Assila F1 na Anna F1 zinazaa sana, na Anna inapendwa na wenye nyumba za kitalu. Lakini bei ya pakiti ni mara nyingi ya Tengeru, na mbegu ukiitunza, mwaka wa pili inakupa watoto wasiofanana na mama. Kwa mashina 20 ya nyumbani, sioni faida.

Ukiamua kununua, soma herufi zilizofuata jina. V na F ni kuvumilia mnyauko wa aina mbili unaosababishwa na kuvu, kama kwenye Roma VF, na N ni minyoo fundo. Muuzaji akikuambia mbegu fulani haiguswi na kantangaze, yule anayetoboa majani na matunda ya nyanya, usikubali. Mdudu huyo aliyeingia nchini mwaka 2014 hachagui jina la pakiti. Na masika adui mkubwa wa nyanya ni bakajani chelewa: panda kwa nafasi, mwagilia chini ya shina, ondoa majani yanayogusa udongo.

5. Vitunguu maji

Subiri. Mvua nyingi huleta ugonjwa wa madoa ya zambarau kwenye majani. Sia mvua zikielekea kuisha. Tena mbegu ya kitunguu huzeeka haraka kuliko ya nyanya, kwa hiyo pakiti ya mwaka juzi iache dukani hata ikishushwa bei.

Kabla hujalipa

Nilishawahi kupimiwa "Tengeru" kwa kijiko kutoka kopo lililofunguliwa, nikafungiwa kwenye karatasi. Kati ya mbegu 50 zikaota 9, na matunda yakawa ya aina tatu. Msimu mzima ulikwenda, na msimu haurudishwi na duka lolote. Tangu hapo nachukua pakiti iliyofungwa tu, yenye tarehe na lebo ya TOSCI (taasisi ya serikali inayothibitisha mbegu), ambayo ina namba ya kukwangua ya kuhakiki kwa simu. Hakiki ukiwa bado dukani.

Na maua

Hela ikibaki, nunua vitunguu vya maua, yaani vile vya kupanda vichanue, si vya kula. Wa kwanza kwangu ni mmea wa mpira mwekundu (Scadoxus multiflorus), ule unaochanua mvua za kwanza zikigusa ardhi, maua madogo hata 200 kwenye kichwa kimoja. Ni wa asili ya huku, haubembelezwi. Amarilisi ni wa pili. Chagua kitunguu kizito kwa ukubwa wake, kigumu ukikiminya, kisicho na ukungu kitakoni. Kitunguu cha amarilisi kipande shingo ikiwa nje ya udongo, kisije kikaoza. Vyote viwili vina sumu, na vikikauka vinafanana mno na vya jikoni. Viandike na uviweke mbali na kikapu cha vitunguu.