Kutoboa masikio ya Seiko SKX007: milimita 1 inatosha

Igeuze saa ya kuzamia ya Seiko SKX007 iliyokwisha kubadilishwa mikanda mara nyingi, uitazame kwa ndani ya masikio, zile pembe nne zinazoshika mkanda. Utakuta mikwaruzo mifupi iliyolala upande mmoja kama alama za kucha. Hapo ndipo uliteleza uma wa kutolea pini, vile vijiti vyenye springi vinavyounga mkanda na saa. Pini za saa hii ni nene: mwili una kipenyo cha mm 2.5 na ncha mm 1.1, wakati pini za saa nyingi zina mwili wa mm 1.5 au 1.8 na ncha ya karibu mm 0.8. Springi iliyo ndani nayo ni ngumu. Unene huo unaishika vizuri saa ya kuzamia isimdondoke mtu mkononi, lakini siku ya kubadilisha mkanda unageuka kero, kwa kuwa matundu ya pini hayatokei nje. Yanaanzia upande wa ndani wa sikio na kuishia humohumo.

Tiba yake ni kuyatoboa masikio mpaka nje, ili pini isukumwe kwa sindano kutoka ubavuni. Si jambo geni. Submariner ya Rolex ilitoka kiwandani na matundu hayo kwa miaka mingi, ikaja kuyaacha mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kwa SKX007 inayovaliwa kila siku, kazi hii naipa alama za juu, kwa sharti moja: tundu jipya liwe mm 1.0, lisizidi hapo.

Sharti hilo ndilo wengi wanalolikosea. Mtu akiona ncha ya pini ni mm 1.1, anachukua biti ya mm 1.2 au 1.3 na kutoboa moja kwa moja. Hapo anakuwa ameligusa tundu la zamani ambalo kiwanda kilikwisha kulipima. Likipanuka kidogo tu, pini inacheza, mkanda unagonga, na kila mtikisiko unaendelea kulila tundu. Ukitoboa kwa mm 1.0, tundu la ndani linabaki kama lilivyo na la nje linakuwa jembamba kuliko ncha ya pini. Katikati panabaki ngazi ndogo. Ncha inaishia kwenye ngazi hiyo, haiwezi kuchungulia nje, na sindano ya mm 0.8 inapita bila shida. Kazi ya tundu jipya ni kupitisha sindano basi. Kushika pini ni kazi ya tundu la zamani, liachie.

Ngazi hiyo ina faida nyingine: inasamehe. Biti ikitokea imepinda kidogo, sehemu ya kumi ya milimita, pini haitajua, maana bado imekaa mahali pake pa asili.

Vifaa sasa. Biti inayofaa ni ya chuma chenye kobalti, ile inayoandikwa M35. Masanduku ya biti za kabaidi zenye shina la mm 3.175, zinazotengenezwa kwa kutobolea bodi za elektroniki, ni ya bei nafuu na yanavutia, na kwa kweli hakuna kinachoanza tundu vizuri kuliko biti fupi ya kabaidi. Lakini kabaidi haipindi. Ikisukumwa pembeni hata kidogo inakatika, na kipande kinabaki ndani ya sikio, kigumu kuliko biti yoyote utakayoileta kukitoa. Itumie kuweka alama ya kuanzia yenye kina cha mm 0.2, kisha iweke kando. Nunua biti tatu au nne za kobalti kwa kasha moja, yaani mwili wa chuma wa saa moja, kwani biti iliyopoteza makali haifai kubembelezwa.

Drili iwe ya kusimama, yenye mkono wa kushusha. Drili ya kushika mkononi usiilete karibu na kazi hii. Kasi inayofaa kwa biti ya mm 1.0 kwenye chuma kisichoshika kutu ni kati ya mizunguko 3,000 na 4,000 kwa dakika. Mashine nyingi ndogo za mkononi huanzia 5,000 na kuendelea, nayo ni kasi ya kuunguza makali kabla hayajakata. Kabla ya kuanza, funga biti kwenye drili na uiguse ncha pembeni kwa kijiti: ikiwa mashine ina mchezo unaoonekana kwa macho, tundu litakuwa na umbo la yai.

Kifaa ninachokithamini kuliko vyote hakiuzwi, kinachongwa. Ni kibano cha umbo la herufi C, cha bapa la chuma. Mkono mmoja una kipini cha mm 1.1 kinachoingia kwenye tundu la zamani kutoka ndani ya sikio. Mkono wa pili, unaokaa nje, una tundu la mm 1.0 lililonyooka sawasawa na kipini hicho. Ukikivalisha sikio, tundu la nje linaonyesha pa kutoboa bila kupima tena. Wasio nacho hupima kwa kalipa, kutoka katikati ya tundu la zamani hadi ukingo wa chini wa sikio na hadi ncha yake, kisha wanahamishia vipimo ubavuni. Inawezekana, ila ubavu wa SKX007 una mviringo na umeng'arishwa, na kalipa huteleza juu yake. Kosa la mm 0.3 linatosha kulikosa tundu la ndani.

Kasha litobolewe likiwa tupu. Mfuniko wa nyuma unafunguliwa, taji, kile kitufe cha kutilia majira kilicho mahali pa namba 4, linazungushwa mpaka lilegee kisha linachomolewa na mti wake, mashine ya 7S26 inayoendesha mishale inatoka, na pete ya nje inayozunguka inang'olewa. Fundi akikuambia ataziba kwa utepe tu na kutoboa saa ikiwa nzima, ichukue saa yako. Vumbi la chuma lina ncha kali, linaingia chini ya pete na kwenye mpira wa kuzuia maji, na mtikisiko wa drili hauifai mashine yoyote ya saa.

Kasha linalazwa kwa ubavu kwenye jiliwa, likikalia kipande cha mbao ngumu, mninga kwa mfano, kilichochongwa kufuata umbo lake na kuachiwa shimo pale yanapotokeza mabega yanayolinda taji. Lengo ni mstari wa tundu la zamani usimame wima kabisa chini ya biti. Hakikisha kwa kuingiza shina la biti kwenye tundu hilo na kuliangalia kutoka pande mbili.

Kisha utoboe kwa kudonoa: shusha mm 0.3, inua, futa, tia tone la mafuta ya kukatia, rudia. Chuma cha 316L, kile kisichoshika kutu cha kasha hili, kina tabia moja mbaya. Biti ikikaa inasugua bila kukata, pale inaposugua panakuwa pagumu zaidi, na ukirudi haikati tena. Kwa hiyo mkono uwe na uzito wa kutosha kila unaposhuka, na biti isiachwe izunguke bure juu ya chuma. Nyuzi nyembamba za chuma zikitoka zimejikunja, mambo ni mazuri. Ukiona unga mweusi au moshi, badilisha biti papo hapo.

Hatari kubwa iko kwenye nusu milimita ya mwisho. Biti inapolifikia tundu la zamani huwa inatokea kwenye chini yake iliyochongoka, upande mmoja ukiwa na chuma na upande wa pili hewa. Inanaswa, inakatika. Punguza uzito wa mkono hapo, na weka kizuizi cha kina ili mkono wa drili usishuke ghafla.

Baada ya hapo ni usafi. Ukingo wa nje unaondolewa makali kwa biti ya mm 2 inayozungushwa kwa vidole, mizunguko miwili au mitatu, mpaka uonekane mstari mwembamba unaong'aa wa mm 0.1 hivi. Ndani, kijiti cha meno kinatosha kutoa mabaki, kisha sabuni na maji ya uvuguvugu. Gurudumu la kung'arishia lisipitishwe juu ya tundu: kitambaa chake kinazama na kuvuta ukingo, tundu linabaki na mkia kama tone la maji. Ng'arisha ubavu kwanza, au tumia kijiti cha mbao chenye dawa ya kung'arisha.

Matundu mawili au manne? Kwa mkanda wa ngozi au wa mpira, mawili ya upande wa namba 9 yanatosha, maana pini ikisukumwa ncha moja inatoka yote. Hatari nayo inakuwa nusu. Kwa mkanda wa chuma ningetoboa yote manne, kwa kuwa kipande cha mwisho kinachobana kasha hakikupi nafasi ya kuinamisha pini, na mara nyingi ncha zote mbili zinataka kusukumwa kwa zamu.

Upande wa matumizi, tofauti unaisikia mara ya kwanza. Chombo kama Bergeon 6767-F, chenye uma upande mmoja na sindano upande wa pili, kinatumika kwa upande wa sindano peke yake. Simamisha sindano wima, sukuma mpaka springi ibonyee, vuta mkanda kidogo upande huo, umetoka. Weka kidole gumba juu ya pini ili isiruke. Sindano ya kushonea isitumike, inapinda na kukwaruza mdomo wa tundu. Unaweza sasa pia kutumia pini nene zisizo na mabega, zile kingo zinazotokeza karibu na ncha, ambazo uma hauna pa kuzishika.

Watu wa Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Unguja wana sababu ya ziada. Jasho na chumvi huingia kwenye tundu lililoziba na kukaa humo, pini inashika kutu na kuganda, na kinachofuata ni kuikata. Kwa tundu lililo wazi unadondosha mafuta kutoka nje, unasubiri, unasukuma. Ila tundu hilo hukusanya uchafu pia, kwa hiyo lisuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila utokapo baharini. Uwezo wa saa wa kuzuia maji hauguswi, masikio yako nje ya sehemu iliyofungwa.

Njia mbadala zipo. Pini zenye kijiti cha kuvutia kwa ukucha ni rahisi, lakini ncha zake nyembamba hucheza ndani ya matundu ya SKX007. Mkanda wa nailoni wa kupitisha chini ya saa hauhitaji kugusa pini. Na kwa kuwa saa hii ilikoma kutengenezwa karibu mwaka 2019 na ya kiwandani haiongezeki, fikiria kununua kasha la ziada lililotobolewa tayari, ukaliweka la asili kabatini.

Saa iliyopakwa dhahabu au kromu juu ya shaba usiitoboe kabisa. Tundu linaifunua shaba, na jasho litaanza kuila kutoka hapo. Ile yenye masikio membamba, au ya zamani yenye thamani sokoni, iache pia. Na kabla ya kumkabidhi fundi kasha lako, mwombe atoboe kwanza kipande chakavu cha chuma hichohicho mbele yako, na mkubaliane nani atalipa biti ikikatikia ndani.