Banda la fundi baiskeli Ngamiani, kwa wanaopenda sprinti (ule mchomoko wa kasi mwisho wa mbio) hapa ndo penyewe

Wadau wa baiskeli Tanga, kuna banda moja Ngamiani mtaa wa ndani, sio mbali na Soko la Mgandini, mchana fundi anatengeneza baiskeli, jioni anasogeza mafremu pembeni anapanga mabenchi anawasha tv tunaangalia mbio. Na sio Tour de France tu, ile kila mtu anaijua. Huyu mzee anaweka mbio ndogo, zile za siku moja za Ubelgiji na Ufaransa ambazo hata kupata matokeo yake ni shughuli, na Tour du Rwanda ikifika mwezi wa pili ndo usiseme, banda linajaa. Kiingilio jero, kahawa na kashata juu yako, mihogo ya kukaanga na pilipili iko kwa mama wa jirani. Naipa nyota nne, na ntasema ya tano imeenda wapi.

Kinachonipeleka pale ni zile kilomita 3 za mwisho. Zikibaki hizo fundi anapunguza sauti ya mtangazaji anaanza kuchambua mwenyewe, na anajua kweli sio kubahatisha. Anakwambia usimuangalie wa kwanza, muangalie aliyekaa wa tatu au wa nne, huyo ndo anabebwa. Wenzake wa timu wanamkatia upepo kwa zamu, huyu akiishiwa anajitoa pembeni mwingine anashika, hivyo hivyo mpaka wa mwisho anamuachia kwenye mita 200 hivi, hapo sasa mwenye mbio zake anachomoka na spidi inapita 60 kwa saa, barabara ikiwa tambarare inagonga hata 70. Akichomoka mapema upepo unammaliza, akichelewa anafungiwa njia na wenzie, kwahiyo mbio yote ile ya masaa manne inaamuliwa na mtu kujua atoke sekunde gani. Pale pale ndo nilielewa kwanini mtu akianguka au akipata pancha ndani ya zile kilomita 3 kwenye hatua ya sprinti (hatua ni mbio ya siku moja ndani ya mbio za siku nyingi) anapewa muda sawa na kundi alilokuwa nalo, maana bila hiyo sheria hata wanaotafuta ushindi wa jumla wangejibanza mbele kuogopa kupoteza muda na ajali zingekuwa nyingi zaidi.

Halafu kuna jambo moja fundi alilifanya mbele yetu, siku kijana mmoja alipobisha kwamba waendesha baiskeli wawili kwenye tv wamefika sawa, haiwezekani kujua nani kashinda. Fundi akachukua chaki akachora mstari kwenye sakafu ya sementi, akaleta baiskeli mbili akazisimamisha magurudumu yamelingana kabisa. Akapanda moja, akanyoosha mikono kwa nguvu akasukuma usukani mbele, makalio yakarudi nyuma mpaka yakapita siti. Tairi la mbele likaingia kwenye mstari na ile nyingine iko pale pale. Mwili wake haujaenda popote, baiskeli ndo imetangulia. Akasema shindano linapimwa kwenye ukingo wa mbele wa tairi la mbele, kichwa chako na kifua havihesabiwi, na kamera ya pale mwisho inapiga ule mstari tu maelfu ya picha kwa sekunde ndo maana inatenganisha hata upana wa tairi. Kijana alinyamaza. Fundi akamalizia na Milan-San Remo ya 2004, Erik Zabel kainua mikono anashangilia kabla hajavuka, Oscar Freire akasukuma baiskeli yake akampita palepale mstarini. Ile ni mbio kubwa lakini somo ni lile lile.

Uzuri wa mbio ndogo ni kwamba kila moja ina mwisho wake wa kipekee. Scheldeprijs ya Ubelgiji, ipo toka 1907, ni tambarare tupu, wenye spidi ndo wanaiwinda, Marcel Kittel kaichukua mara tano. Nokere Koerse, ya Ubelgiji pia, yenyewe inaishia kwenye kimlima cha barabara ya mawe, hapo mwenye spidi tupu bila mapaja haponi, na Tim Merlier aliibeba 2022, 2023 na 2024 mfululizo, we fikiria. Rwanda nako vilima vinachuja kundi lakini sprinti zipo, 2023 Ethan Vernon alichukua hatua mbili za kwanza na Chris Froome mwenye Tour de France nne alikuwemo kwenye mbio hizo hizo. Na Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua Rwanda 2019 akiwa na miaka 18! Miaka mitano baadae anashinda hatua tatu za Tour de France na jezi ya kijani, ile ya mwenye pointi nyingi. Waliokuwa wanafatilia mbio ndogo walimuona mapema, ndo raha yake hiyo.

Sasa nyota iliyopotea. Mshindi akishavuka tu fundi anahamisha chaneli, mpira. Mzee wangu hapana! Nataka kumi bora. Kwenye mbio za siku moja za daraja la 1.1 wa kwanza anapata pointi 125, wa pili 85, wa tatu 70, na hizo pointi ndo zinaamua timu ipande au ishuke kwenye ligi ya timu kubwa. Timu ya Lotto ya Ubelgiji mwaka 2022 walishuka pamoja na kwamba kijana wao Arnaud De Lie, miaka 20, alikuwa anakusanya ushindi kwenye hizi hizi mbio ndogo mwaka mzima. Sasa ukinifungia tv kabla sijajua nani kawa wa nne umeninyima nusu ya stori. Nilimwambia, akasema ataanza kuandika kumi bora kwenye ule ubao wa bei za viraka na spoku. Bado nasubiri.

Intaneti nayo inasumbua, picha inaganda mita 400 zimebaki watu wanapiga kelele mpaka barabarani. Hiyo simlaumu yeye.

Kitu ambacho wengi hawajui, mbio za Ulaya nyingi zinaishia kwetu kuanzia saa kumi na mbili jioni, yaani unagongana na Magharibi. Adhana ikilia fundi anasimamisha picha, anafunga pazia, wanaoenda kuswali wanaenda na wanaobaki wanakaa na kahawa zao, wakirudi anaendelea pale pale alipoachia. Ni marufuku kuchungulia matokeo kwenye simu ukayasema, kuna jamaa alitaja mshindi akatolewa nje na jero yake akarudishiwa, na mi naona alistahili.

Ukienda nenda saa kumi na moja na nusu upate benchi la mbele, la nyuma nguzo inakukinga kulia kabisa pale sprinti inapomalizikia. Siku Coastal Union wanacheza usijisumbue, tv sio yetu. Na kama baiskeli yako breki zinalia ipeleke mchana hiyo hiyo, mpaka mbio zianze inakuwa tayari.