Nimesoma Agano Jipya chuo kikuu nikiwa Malindi: uzoefu wangu

Nimemaliza muhula wa pili wa kozi ya Agano Jipya na maandiko ya Wakristo wa mwanzo, kwa elimu ya masafa. Chuo sikitaji, maana nina malalamiko nacho. Mimi ni mwalimu wa msingi hapa Malindi, na Jumapili nafundisha watoto kanisani.

Kilichonisukuma ni Shakahola, msitu wa huku kwetu ambako wafuasi wa mhubiri mmoja walikufa kwa njaa. Aprili 2023 miili ilianza kufukuliwa kule msituni ikaletwa mochari ya hapa mjini, na baadaye hesabu ikapita 400. Waliookolewa walisema mhubiri wao aliwaambia wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Mama mmoja kanisani akaniuliza, "Mwalimu, si nao walikuwa wanasoma Biblia hii hii?" Nikakosa jibu.

Kozi haikuanza na Mathayo. Ilianza na Wathesalonike wa Kwanza, barua ya mtume Paulo ya yapata mwaka 50, ambayo wataalamu wengi huihesabu kuwa andiko la zamani kuliko yote katika Agano Jipya. Injili ya Marko inakadiriwa karibu na mwaka 70. Miaka yote hiyo nilidhani vitabu vimepangwa kwa umri wake! Zoezi la kwanza lilikuwa kuisoma barua nzima kwa sauti, bila kusimama, kama walivyosomewa wenyewe walioandikiwa. Kama robo saa hivi.

Ukiisoma hivyo unawasikia watu waliofiwa. Wenzao wamekufa kabla Yesu hajarudi, nao wanahofia kwamba marehemu wameikosa siku ya kurudi kwake. Paulo anawafariji. Ule mstari wa kunyakuliwa mawinguni kumlaki Bwana, ambao kila mhubiri wa mkutano wa hadhara anao mdomoni, ni 4:17. Mistari sita tu juu yake, 4:11, anawataka watulie na wafanye kazi kwa mikono yao. Barua ya pili, ambayo wataalamu wanabishana kama ni ya Paulo mwenyewe, inawaonya wasifadhaishwe na neno wala barua inayodai siku ya Bwana imeshafika. Hapo nilifunga kitabu nikatoka nje.

Somo la nakala za kale nalo lilizua zogo darasani. Katika nakala mbili za Biblia za karne ya 4, Sinaiticus na Vaticanus, Injili ya Marko inaishia 16:8. Maneno ya kushika nyoka na kunywa kitu cha kufisha bila kudhurika yako chini ya hapo. Mchungaji mmoja aliyekuwa mwanafunzi mwenzetu alizima kamera, hakurudi hadi wiki iliyofuata.

Malalamiko sasa. Kigiriki, lugha iliyoandikiwa Agano Jipya, kilifundishwa kwa Kiingereza, kwa hiyo nilikuwa natafsiri mara mbili, na wala hakuna aliyefungua Biblia ya Kiswahili hata siku moja. Hasara kubwa! Warumi 1:1 Paulo anajiita mtumwa na mtume papo hapo. Kwa Kigiriki hayo ni maneno mawili yasiyohusiana. Kwetu yote yametoka kwenye kutuma. Na Malindi mtumwa si neno la vitabuni: mashamba ya nafaka ya hapa karne ya 19 yalilimwa na watumwa, na utumwa pwani hii ulifutwa kisheria mwaka 1907 tu. Nikaandika insha juu ya Filemoni, barua ya mistari 25, ambamo Paulo anamrudisha mtumwa Onesimo kwa bwana wake na kuomba apokewe kama ndugu mpendwa. Lakini "umwachilie huru" halitamki waziwazi. Nilitaka sana mhadhiri aniambie nimelielewa au la. Mtihani ukapita, matokeo yakaja, insha haijarudi.

Mengine ni ya kawaida: video zinachelewa, bando linaisha, stima inapotea saa ya darasa.

Jirani yangu mwenye duka, Mwislamu, alikuwa akiniona na daftari kila jioni. "Mwalimu, Injili moja mwaka mzima, haijaisha tu?" Nikamwambia kwetu ziko nne, akanionea huruma.

Kozi naipa nyota nne, ofisi ya chuo nyota moja. Yule mama na wenzake tumeshaisoma Wathesalonike wa Kwanza yote, kwa sauti, Alhamisi mbili. Muhula ujao ni Ufunuo. Nimelipa nusu ya ada. Nusu iliyobaki wataipata wakinirudishia insha yangu.