Kurasa zote zile tamu, halafu nikaachwa kwenye mataa

Sura ya 31 inaishia mlangoni. Mwanamke amebeba sanduku lake la vifaa, mwanamume amesimama ngazini, hakuna anayesema neno. Unafungua sura ya 32 roho mkononi, nayo inaanza hivi: "Miezi minane baadaye." Ni harusi. Watu wanacheza. Dada mtu analia kwa furaha. Na ule ugomvi uliotutoa machozi kurasa chache nyuma je? Umepewa sentensi moja, katikati ya maelezo ya maua: "Waliongea usiku kucha, wakayamaliza."

Waliongea nini? Nani alianza? Alisema nini hadi akasamehewa? Hatuambiwi. Maneno manne, kisha turudi kwenye maua.

Jina la kitabu sitalitaja, wala la mwandishi. Nimemsoma kwa muda mrefu na sitaki hasira zangu ziwe fimbo ya mtu mwingine kumchapia. Lakini lazima niyaseme, kwa sababu kitabu kibovu hakinikasirishi hivi. Kitabu kibovu unakiweka chini sura ya tatu, unaendelea na shughuli zako. Hiki kilikuwa kizuri. Kilikuwa kizuri mno, na ndiyo maana nimeumia.

Niwape picha kidogo. Mwanamke ni fundi anayekarabati viti vya zamani. Mwanamume ni muuguzi wa zamu ya usiku. Huyu mama aliwahi kupendwa kwa siri miaka mingi na mtu ambaye hakuwahi kumtambulisha kwa yeyote, akajiapia kwamba hatafichwa tena maishani. Kiapo hicho tunakijua mapema, na hakipigiwi kelele. Kimewekwa tu pale, msomaji ukibebe mwenyewe.

Sura ya 14 ni miongoni mwa sura bora za mapenzi nilizowahi kusoma, na naisema kauli hii nikiwa bado nimekasirika. Muuguzi anatoka kazini alfajiri, mgonjwa wake amefariki. Hasemi. Mwanamke anaona namna alivyoshika kikombe, haulizi. Anampa kipande cha msasa na mguu wa kiti. Wanapiga msasa kimya kimya mpaka jua linachomoza, ndipo kijana anataja umri wa yule mgonjwa, basi. Hakuna busu. Hakuna anayesema "nakupenda". Ila ukifunga sura hiyo unajua wamekwisha, hawa wawili wameshapendana, kwa sababu mmoja amejifunza jinsi mwenzake anavyobeba huzuni. Riwaya nyingi zinatuambia mhusika ni mzuri wa sura, ana macho gani, ana kifua gani, na zinadhani zimeshatupa sababu ya kupenda. Uzuri wa sura unamfanya mtu atazamwe. Kinachomfanya apendwe ni pale anapotazama vizuri, na mwandishi huyu analijua hilo kuliko wengi.

Halafu ikaja simu. Wako karakana, mwanamke ana maranda kwenye nywele, wanacheka. Dada yake kijana anapiga. Anauliza, "Uko na nani?" Kijana anajibu, "Niko peke yangu." Anajibu hivyo huku akimtazama mwanamke usoni.

Nilisimama. Kweli nilisimama na kitabu mkononi.

Huo ndio utengano wa haki. Tumezoea kuona wapenzi wakiachana kwa mambo yasiyoingia akilini: mtu kasikia nusu ya mazungumzo, kaona picha ya binamu akadhani ni hawara, barua imepotea, simu imeishiwa chaji. Swali moja la dakika mbili lingemaliza kila kitu, na kwa sababu lingemaliza, msomaji anakaa pale akiwapigia kelele wahusika waulizane. Hapa hapakuwa na la kuulizana. Alisikia vizuri na alielewa vizuri. Mtu anayempenda amemkana, na amemkana kwa neno lilelile la kidonda chake cha zamani. Na kijana naye si mwovu: dada huyo ndiye aliyemlea, na amekuwa akiogopa kumkasirisha tangu utotoni. Woga wake umejengwa polepole, sura kwa sura. Kwa hiyo wawili hawa wanavunjika kwa sababu ya walivyo. Ndivyo inavyotakiwa.

Sasa ukishavunja kitu vizuri namna ile, una deni. Na mwandishi hakulilipa.

Najua kuna watakaoniambia, kwani hukujua wataoana? Nilijua. Kila msomaji wa riwaya za mapenzi anajua. Chama cha waandishi wa mapenzi cha Marekani, Romance Writers of America, kilichoanzishwa 1980, kimeifafanua riwaya ya mapenzi kwa mambo mawili tu: penzi ndilo kiini cha hadithi, na mwisho uwe wa kuridhisha moyo na wenye matumaini. Mwisho mwema ni ahadi inayotolewa kabla hujafungua jalada. Lakini kwa sababu hiyohiyo, swali la msomaji haliwi "je, watapatana?" Swali ni "watapatanaje?" Hilo ndilo pekee lililobaki kutushikilia. Msomaji wa hadithi za upelelezi naye anajua muuaji atakamatwa, na hajawahi kulalamika kuhusu hilo. Hebu mpe kitabu ambacho mpelelezi anaingia chumbani, kisha ukurasa unaofuata unasema "miezi minane baadaye muuaji alikuwa gerezani, walikuwa wamelijua jina lake usiku kucha." Angekirudisha dukani.

Mtafiti Pamela Regis, katika kitabu chake cha 2003 kuhusu riwaya za mapenzi, alitaja mambo manane ambayo riwaya hizi huwa nayo. Moja ni kipindi ambacho penzi linaonekana limekufa, hakuna matumaini. Jingine ni utambuzi, pale kinachowazuia kinapoondoka, na mara nyingi kinaondoka kwa sababu mtu amejitambua. Kitabu hiki ninachokilalamikia kina kifo hicho, tena kifo cha kukuliza. Utambuzi kimeuruka.

Na siombi kitu kigeni. Mwandishi Mwingereza Jane Austen alishafanya mwaka 1813 katika riwaya yake Pride and Prejudice. Darcy, bwana tajiri mwenye kiburi, anamposa Elizabeth huku akimweleza jinsi ukoo wa Elizabeth ulivyo duni, naye anakataliwa vibaya. Je, Darcy anarudishaje imani? Anaandika barua, ndiyo, lakini barua haitoshi. Baadaye Elizabeth anafika kwenye jumba la Darcy akiwa na mjomba wake na mke wa mjomba, mjomba ambaye ni mfanyabiashara, watu walewale wa kudharauliwa. Darcy anaomba atambulishwe kwao. Anazungumza nao kwa heshima, na anamkaribisha mjomba avue samaki kwenye mto wake. Elizabeth anashangaa, na sisi tunashangaa naye. Huyu bwana aliudharau ukoo, sasa anauheshimu ukoo, mbele ya macho ya aliyemtukana. Radhi imepita palepale palipoumia. Maneno matamu bustanini yasingefanya kazi hiyo hata yangejaza sura nzima.

Rudini basi kwenye simu ya muuguzi wetu. Kosa lilifanyika mbele ya dada. Radhi ilitakiwa ipite mbele ya dada. Nilikuwa nasubiri apige simu ile upya. Nilikuwa nasubiri aseme, "Siku ile sikuwa peke yangu," na nisikie kimya cha upande wa pili, na nione mikono yake ikitetemeka, huyu mtu ambaye anashika mikono ya watu wanaokufa lakini hawezi kumkabili dada yake. Kurasa tano zingetosha. Badala yake dada anaonekana harusini akilia kwa furaha, na hatujui ameambiwa lini, na nani, wala alisema nini. Yule mtu aliyekuwa kikwazo cha kitabu kizima amegeuka mgeni mwalikwa!

Halafu nikagundua jambo lililonichoma zaidi. Kitabu kimeandikwa kwa sura za kupokezana, mmoja anasimulia, kisha mwenzake. Ni mtindo unaopendwa sana siku hizi, na faida yake ni kwamba msomaji anaijua mioyo yote miwili wakati wao wenyewe bado wanabahatisha. Mara baada ya ile simu, sura za mwanamume zinakoma. Hatumsikii tena. Tunabaki na mwanamke akilia, akipiga randa mbao, akilia. Wakati ambapo tulihitaji kuwa ndani ya kichwa cha mkosaji kuliko wakati wowote, mwandishi ametoa mguu. Sidhani ni bahati mbaya. Naona hakujua kijana angesema nini, kwa hiyo akamnyamazisha. Kuumiza wahusika ni rahisi. Kumfanya mtu mzima ajute, akabadilika, na mabadiliko yakaaminika, hiyo ndiyo kazi, na hapo ndipo alipolipua.

Au labda namwonea. Labda kulikuwa na sura hiyo ikakatwa. Niliwaandikia wachapishaji kuuliza, kwa adabu zote, kama kuna toleo refu zaidi. Jibu lilichelewa, lilipokuja lilinishukuru kwa maoni, kisha likanifahamisha kwamba wasomaji wa vitabu vya aina hii hupendelea kufika kwenye harusi haraka.

Vitabu vya aina hii. Wasomaji wa aina hii.

Sikilizeni, harusi si kitu tunachokimbilia. Harusi tunaipata popote. Tunachokuja kutafuta humu ni ule usiku uliofichwa kwenye maneno manne. Tunataka kuona mtu aliyeumizwa akiwa na haki ya kukataa, akaulizwa maswali, akajibu kwa ukali, akanyamaza, na hatimaye akaamua. Maana hata yeye amenyimwa! Mwanamke aliyejiapia hatafichwa tena anarudi kwa mwanamume aliyemficha, na sisi haturuhusiwi kusikia kwa nini. Amesamehe nyuma ya pazia. Msamaha wake umefichwa kama alivyofichwa mwenyewe. Sijui kama mwandishi aliliona hilo. Mimi nimeliona na limenikaa rohoni.

Nilipoanza kuandika haya nilishaamua: nyota moja, na onyo kwamba msitoe hela yenu. Sasa nimerudi kuhakiki ile sura ya 14 nisije nikaisifu kwa uongo, na nimejikuta nimeisoma mpaka ya 19 bila kupumua. Ile ya safari ya basi. Ile ambayo mwanamke anakubali kwa mara ya kwanza kuacha mswaki wake kwa kijana, na kijana anaukuta asubuhi, anautazama tu, anatabasamu peke yake bafuni. Mwandishi anayeweza kuandika mswaki namna ile si mwandishi wa nyota moja. Siwezi, itakuwa dhuluma.

Nne basi? Hapana. Nikiwaza nne naiona ile sentensi na damu inanichemka upya. Anayemalizia hivi baada ya kutujengea namna ile ametuvunjia ahadi, na utamu wa sura za mwanzo unaongeza kosa, haulipunguzi.

Nyota tatu, kwa shingo upande. Kama unasoma mapenzi ili upate maongezi mazuri na watu wazima wanaopendana taratibu, kisome, utafurahi, pengine kuliko mimi. Kama umewahi kukanwa na mtu unayempenda, azima kwa rafiki usinunue, na jiandae kwa sura ya 32. Na wewe mwandishi, kama haya yatakufikia: ukitoa toleo jipya lenye ule usiku ndani yake, pamoja na ile simu kwa dada, nitalinunua kwa bei kamili siku litakapotoka na nitarudi hapa kuziongeza nyota mwenyewe.